Namna ya Kuokoa Taifa Lenye Mawaziri Tisa na Raia Wanne

Mheshimiwa Rais, kama umeufungua mwongozo huu basi taifa lako lina hali mbaya, na dalili zake tunazijua. Ikulu imekamilika, ina nguzo za mawe meupe na zulia jekundu mpaka mlangoni, ila soko lililo mbele yake lina vibanda kumi na viwili vyenye masanduku matupu. Katiba ina ibara arobaini. Kuna Wizara ya Ulinzi, ya Mambo ya Nje, ya Ujenzi, ya Utamaduni, na kuna Naibu Waziri wa Samaki. Ukiandika kwenye gumzo "habari za jioni, wananchi", jibu linakuja kesho yake mchana, kutoka kwa mtu wa nchi jirani aliyepita kuuliza kama mnauza farasi.

Hali hiyo inaponyeka. Nayasema haya kwa kuwa nayapenda mataifa haya yanayoanzishwa na wachezaji wa Minecraft, na sioni haya kuyapenda. Mchezo huo ulitoka rasmi Novemba 2011, na kufikia Oktoba 2023 ulikuwa umeuza nakala zaidi ya milioni 300. Haukuja na serikali ndani yake. Ulikuja na udongo, mawe, mbao, kondoo, na mazimwi yanayotoka gizani. Serikali wameileta wachezaji, hasa kwa kutumia Towny, plagini ambayo mwenye seva akiiweka, mtu anaweza kuanzisha mji, kugawa ploti, kutoza kodi na kuweka ruhusa za nani ajenge wapi. Miji ikiungana inakuwa taifa lenye mji mkuu na kiongozi. Kwenye seva ya EarthMC, ambayo ramani yake ni ramani ya dunia yetu na fedha yake ni dhahabu, unaweza kujenga pale ilipo Kilwa ukajikuta unafanya biashara na kijana wa Poland ambaye hutamwona maishani. Hapo watu wanajifunza kutunza hazina, kushindwa uchaguzi bila kususa, na kupatanisha wawili waliogombania mbuzi. Ni shule nzuri, na kila taifa linalokufa ni darasa linalofungwa.

Twende kazini.

Hesabu vichwa, kisha punguza nchi

Orodha ya raia unayoiona kwenye skrini ina majina ya watu waliohama zamani bila kuaga. Andika amri ya /res na jina la kila mmoja, utaona mara ya mwisho aliingia lini. Aliyeingia wiki hii, mhesabu. Aliyeingia mwezi uliopita, mwekee alama, utamtafuta. Aliyepotea tangu mwaka jana, mwondoe kwa heshima, na vitu vyake uviweke kwenye sanduku lenye kibao cha jina lake, kwa sababu watu hurudi. Mtu anayerudi baada ya mwaka na kukuta nyumba yake imevunjwa na almasi zake zimegawanywa haondoki kimya. Anaondoka akisimulia, na masimulizi yake yanafika kwa wale uliokuwa unataka kuwaalika.

Tuseme umepata wanne. Sasa itazame ramani. Kila ploti ni mraba wa bloku 16 kwa 16, na bloku moja ni mita moja. Mji wa ploti 80 una mita za mraba 20,480, yaani ekari tano na ushei. Watu wanne wanaoingia saa moja kila usiku hawawezi kuziwekea taa ekari tano, kuzilima na kuzijenga, tena na makoloni mawili ng'ambo ya bahari yaliyochukuliwa ili rangi yenu ionekane pana kwenye ramani. Hamisheni vitu vya thamani kwanza, maana ardhi ukishaiachia kila mpita njia anaweza kuichimba. Kisha iachieni.

Najua inauma. Lakini kuna sababu inayotoka ndani ya mchezo wenyewe, na ni viongozi wachache wanaoizingatia. Minecraft huigawa dunia yake katika vipande, na kwa kawaida kipande kisicho na mchezaji karibu hupumzishwa. Ngano haikui. Tanuru haliwaki. Ndama anabaki ndama. Shamba mlilolipanda kwenye koloni lisilotembelewa liko vilevile mlivyoliacha, nanyi mnalilipia kila siku. Lakini watu wakikaa karibukaribu, mmoja akiwa anajenga daraja, mashamba ya wenzake yanakomaa kwa sababu tu yeye yupo pale. Taifa dogo lililobanana lina chakula kingi kuliko taifa pana lenye watu walewale. Hiyo siyo falsafa, ndivyo programu ilivyoandikwa.

Ijue siku ambayo hazina itakauka

Mara moja kila siku halisi, Towny hufika kwenye akaunti ya mji na kuchukua ada ya kuuendesha. Taifa nalo lina ada yake. Kiasi anakipanga mwenye seva, na kwenye baadhi ya seva kinapanda kadiri mnavyoongeza ploti. Akaunti ya taifa ikishindwa kulipa, taifa linafutwa. Mji ukishindwa, kutegemea mipangilio ya seva, unafilisika, unafutwa au unageuka gofu. Adui hahitajiki. Inatosha waziri wa fedha awe na mtihani wiki hiyo, na awe ndiye pekee aliyekuwa anakumbuka.

Wakubwa nao imewapata. EVE Online ni mchezo wa anga wa kampuni ya CCP ya Iceland, na miungano ya wachezaji humo ina watu kwa maelfu, ina majasusi na wanadiplomasia. Januari 2014, ada ya kumiliki mfumo mmoja wa nyota uitwao B-R5RB haikulipwa kwa wakati. Umiliki ukaanguka, maadui wakaona, na vita vilivyofuata vilichukua takriban saa 21. Wachezaji zaidi ya 7,000 walihusika. Meli 75 za daraja la Titan, kubwa kuliko zote mchezoni, ziliteketea, na hasara yote ilikadiriwa kufikia dola 300,000 za Marekani. Chanzo ni bili.

Kwa hiyo chukua salio, ligawe kwa ada ya siku, na jibu uliandike kwenye kibao katikati ya soko: hazina inatosha siku ngapi. Kila anayeweka dhahabu abadilishe namba hiyo kwa mkono wake. Raia akiiona namba inashuka atauliza, na akiuliza ameshaanza kuwa mwananchi.

Kuhusu kupata fedha, acha kodi ya kichwa. Towny, usipoizuia, humwondoa mjini raia asiyeweza kulipa kodi, kwa hiyo taifa la watu wanne linaweza kumfukuza wa tano kwa deni dogo akiwa amelala. Uzeni kitu. Kama seva yenu inaruhusu kuruka kwa mabawa ya elytra, kila anayeruka anahitaji roketi, na roketi zinaisha kila siku. Karatasi moja na baruti moja hutoa roketi tatu. Karatasi inatoka kwenye miwa, na miwa inapandwa kando ya mfereji wowote. Baruti mnaipata kwa mazimwi ya kijani yale yanayolipuka, mkiyaua kabla hayajawaua. Mstari mmoja wa miwa unaovunwa kila jioni utalisha hazina vizuri kuliko hotuba zote za waziri wa uchumi.

Funguo zisiwe mkononi mwa mmoja, wala za kila mtu

Mataifa yanayokufa yana moja kati ya maradhi mawili. La kwanza ni rais anayeshika kila ruhusa, hata ya kufungua mlango wa ghala la viazi. Yeye akisafiri, nchi inasimama. Raia anataka kupanua nyumba yake, anasubiri siku tatu apewe ploti, siku ya nne yuko seva nyingine. La pili ni rais mkarimu anayempa cheo kila anayemwambia "nipo kwa ajili ya nchi".

EVE inatupa mfano wa hili pia. Band of Brothers ulikuwa muungano ulioogopwa kuliko yote enzi zake. Februari 2009 mmoja wa wakurugenzi wake alihamia upande wa mahasimu, GoonSwarm, na kwa kuwa cheo chake kilikuwa na ruhusa ya kuuvunja muungano, ukavunjwa. Hapakupigwa risasi. Jina lao likapotea, na umiliki wa maeneo yao ukaenda nalo.

Kanuni ninayoipendekeza ni rahisi kuikumbuka hata saa sita usiku. Jambo linaloweza kurekebishwa kesho, kila raia aruhusiwe kulifanya. Kujenga, kuvunja kilichojengwa vibaya, kuvuna, kugawa chakula, kumpa mgeni ploti: hayo yote yakikosewa yanarekebishika, hasa kama seva yenu ina CoreProtect, plagini inayorekodi nani kavunja bloku gani na kumwezesha msimamizi kuirudisha. Jambo lisilorekebishika, kama kutoa dhahabu yote, kufukuza mji au kulifuta taifa, libaki kwa watu wawili au watatu wanaoaminika, na wasiwe wote wa nyumba moja, kwa sababu umeme ukikatika kwao mmekosa wote.

Mpokee mgeni kana kwamba taifa linamtegemea, maana linamtegemea

Hapa ndipo ningekaa siku nzima kama ningeruhusiwa. Taifa linalotetereka huwa halikosi wageni. Wanakuja, tena wengi, na wanaondoka ndani ya dakika kumi. Msimamie mmoja nyuma umtazame. Anatokea kwenye uwanja wa mji. Mbele yake kuna ukuta wa vibao vyenye sheria, ishirini na tatu kwa idadi, ya kwanza ikisema asiguse chochote. Anaandika "mambo". Hakuna anayejibu, kwa kuwa watatu wako chini wanachimba na wa nne amemwacha mhusika wake amesimama akaenda kula. Anajaribu kukata mti, anaambiwa hana ruhusa. Anajaribu kufungua mlango, hana ruhusa. Giza linaingia, kwa sababu siku nzima ya Minecraft ni dakika 20 tu, na zimwi la kijani linamlipukia kando ya sanamu ya mwanzilishi wa taifa. Anafufukia mahali pa mwanzo pa seva, mbali na kwenu. Harudi.

Ondoa vibao. Bakiza viwili: kimoja cha kumkaribisha, kingine cha kumwonyesha njia ya chumba cha wageni. Chumba chenyewe kiwe na mkate, mavazi ya chuma, shoka, na kitanda. Kitanda hutengenezwa kwa sufu tatu na mbao tatu, hakuna taifa lisiloweza kukitoa, na ndicho chenye kazi kubwa kuliko vyote, kwa sababu mchezaji aliyelala kitandani hufufukia hapo kila anapokufa. Mgeni atakufa tu usiku wa kwanza. Ukishampa kitanda, kifo chake kinamrudisha kwenu.

Kisha mpe kazi, kabla hata hujampa nyumba. Makosa ya viongozi wakarimu ni kumjengea mgeni jumba la ghorofa mbili na kumkabidhi funguo. Anashukuru, analizunguka mara moja, na hana tena la kufanya. Mwambie hivi: "Ndugu, daraja la mtoni limebakiza ukingo wa kushoto. Mawe yako kwenye sanduku la pili. Ukimaliza, chagua ploti yoyote upande wa pili, ni yako bure." Hiyo ni kazi ya saa moja, ina mwisho unaoonekana, na kesho yake atakayepita darajani atapita juu ya mkono wake. Nimewaona watu wakirudi usiku wa pili kutazama tu kama ukingo wao bado upo.

Usiku wa pili ndio mtihani wa taifa. Wa kwanza mtu anaingia kwa udadisi. Wa pili anaingia kwa sababu kuna kitu alikiacha nusu, au kuna mtu alimwahidi kitu. Mteue raia mmoja, na hii ndiyo wizara pekee ninayoitetea, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila mgeni hatoki bila ahadi ya kesho: tutashuka mgodini pamoja, nitakuonyesha kijiji chenye wanakijiji wanaouza vitabu, tutapeleka farasi sokoni. Ahadi itimizwe. Mgeni akikuta mwahidi hayupo, awepo mwingine anayeijua ahadi hiyo.

Na msimfundishe historia ya taifa siku ya kwanza. Ni nzuri, lakini ataiuliza mwenyewe akishaona jina lake kwenye ploti.

Tumbua baraza

Mawaziri tisa wavuliwe vyeo jioni moja, bila kinyongo, na wapewe kazi. Waziri wa Ujenzi ajenge. Naibu Waziri wa Samaki avue, tena ndiye niliyemwamini kuliko wote, maana angalau wizara yake ina kitu cha kuliwa. Cheo kwenye taifa dogo kinaleta ubishi wa mipaka ya madaraka kati ya watu wanaoweza kuongea ana kwa ana ndani ya chumba kimoja, na mgeni akiona kila mtu ni mheshimiwa anajua yeye ndiye atakayekuwa kibarua.

Katiba pia ipunguzwe ibaki ukurasa mmoja. Kuna mwanamke aliyeyafikiria haya kwa kina kabla hayajafika kwenye kompyuta. Elinor Ostrom, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, wa kwanza kati ya wanawake, alichunguza jinsi watu wa kawaida wanavyotunza mali ya pamoja bila kuuza kwa tajiri na bila kusubiri serikali. Kwenye kitabu chake cha 1990, Governing the Commons, anaeleza malisho ya kijiji cha Törbel milimani Uswisi, mifereji ya umwagiliaji ya Valencia nchini Hispania, na misitu ya vijiji vya Japani. Jamii zilizodumu zilikuwa na mipaka inayojulikana, sheria zilizotungwa na wanaozitumia wenyewe, watu wanaoangalia nani anachukua nini, na adhabu zinazoanza kwa kiasi kidogo na kupanda taratibu. Törbel walikuwa na sheria ambayo hata mtoto angeielewa: usipeleke mlimani ng'ombe wengi kuliko unaoweza kuwalisha kwako wakati wa baridi.

Sanduku la pamoja la taifa lenu ni malisho ya Törbel. Andikeni wenyewe, nyote mkiwepo, kiasi ambacho mtu anaweza kuchukua bila kuuliza. Kwa mfano, chakula na mawe bila kikomo, chuma mpaka vipande 16, almasi kwa kusema kwanza. Siku kijana wa miaka kumi na mitatu atakapochukua almasi zote na kujitengenezea mavazi kamili, usimfukuze. Mwulize mbele ya wenzake. Arudishe kidogo kidogo kwa kuchimba. Akirudia, aondolewe ruhusa ya sanduku kwa wiki moja. Kumfukuza kuwe hatua ya nne au ya tano. Mataifa mengi huanza na hatua ya tano kwa sababu ndiyo amri fupi kuiandika, na yanapoteza mtu ambaye mwezi mmoja baadaye angekuwa mchimbaji wao hodari.

Jenga kinachotumika

Ukuta wa kuzunguka mji uachwe. Mji wa mraba wenye ploti 9 kwa 9 una mzunguko wa bloku 576. Ukuta wa kimo cha bloku tano unakula mawe 2,880 hivi, na kwa kuwa bloku 64 ndizo zinazokaa kwenye nafasi moja ya mfuko, hayo ni mafungu 45 ya kuchimba, kuchoma na kupanga. Halafu Towny tayari inamzuia mgeni kuvunja kitu ndani ya mipaka yenu, na buibui hupanda kuta. Mawe hayohayo yangetoa barabara.

Barabara ndiyo inayoleta watu. Kama soko kuu la seva liko bloku 4,000 kutoka kwenu, mtu anayetembea kawaida, mita 4.3 kwa sekunde, anatumia dakika kumi na tano na zaidi. Lakini kila bloku moja ndani ya Nether, ulimwengu wa pili wa mchezo unaoingiwa kwa milango maalumu, ni sawa na nane za dunia ya kawaida. Kama mwenye seva hajaifunga milango ya Nether, bloku 4,000 zinakuwa 500, mwendo wa dakika mbili. Kinachohitajika ni mawe kumi ya obsidian ya kujengea mlango kila upande, njia iliyofunikwa pembeni ili mtu asidondokee kwenye lava, na vibao vya kueleza uelekeo. Mkiwa na subira ya kutafuta barafu ya bluu, mtumbwi juu yake unapita mita 70 kwa sekunde. Nchi jirani zikianza kuitumia njia yenu, mmekuwa kitu ambacho wengine wanataka kidumu, na hakuna mkataba wa ulinzi ulio imara kuliko huo.

Tafuta saa moja ya pamoja

Hili linawahusu zaidi wasomaji wa lugha yetu, kwa sababu tumetawanyika. Taifa la wazungumzaji wa Kiswahili linaweza kuwa na mtu Dar es Salaam, mwingine Muscat, mwingine London na mwingine Toronto. Kila mmoja anaingia jioni ya kwake, anakuta nchi tupu, anadhani ni yeye pekee aliyebaki. Wote wanne wanafikiri hivyo. Saa mbili usiku ya London wakati wa baridi ni saa tano usiku Dar es Salaam, na saa mbili usiku ya Toronto ni saa kumi alfajiri, wakati ambao hata mchezaji shupavu amelala.

Lakini Jumamosi saa moja jioni ya Dar es Salaam inawafaa wote. Muscat ni saa mbili usiku, na wakati wa baridi London ni saa kumi jioni, Toronto saa tano asubuhi. Hiyo ndiyo iwe saa ya taifa. Siku hiyo mtu asichimbe peke yake. Kazi za pamoja, kama kuvuna, kufungua njia, kupokea wageni au kumpiga zimwi kubwa, zisubiri saa hiyo. Aliye na bando dogo atalitunza kwa ajili yake, na hilo ni jambo la kuheshimiwa: aliyeko Tabora anayecheza kwa data ya simu anailipia saa hiyo mfukoni mwake. Anzeni kwa wakati. Siku nyingine zote, acheni daftari kwenye meza ya sokoni, mchezo una vitabu vya kuandika, kila anayeingia aandike alichofanya na anachomwachia anayefuata.

Usitangaze vita. Najua washauri wanasema vita vitaamsha uzalendo. Taifa la watu wanne likienda vitani, wawili hawatakuwepo siku ya vita, na wa tatu atakuwa na mtandao unaokwama.

Na kama imeshindikana

Kuna mataifa yatakayokufa hata yakifanya yote haya. Seva hufungwa, watu hupata kazi, wengine huolewa. Hapo kiongozi ana wajibu ambao hauandikwi kwenye katiba, nao ni kulifunga taifa kwa adabu badala ya kuliacha hazina imalizike na magofu yavunjwe na wapita njia.

Tangaza tarehe, angalau majuma mawili mbele, na uwatumie ujumbe hata wale uliowaondoa kwenye orodha. Mwombe mwenye seva nakala ya ramani ya eneo lenu. Wapo wanaokubali, na faili hilo linaweza kufunguliwa na mtu yeyote kwenye kompyuta yake bila seva. Pigeni picha za kila nyumba zikiwa na jina la aliyeijenga. Dhahabu igawanywe sawa kwa wote waliowahi kuweka, pamoja na yule kijana wa almasi. Barabara ya Nether wakabidhiwe majirani, na mji mmoja unaotaka kuendelea uruhusiwe kujiunga nao ukiwa na ardhi yake na watu wake. Mwisho, kila raia aandike kwenye daftari la sokoni anahamia seva gani na anaingia saa ngapi, na nakala ya daftari hilo apewe kila mmoja, na Naibu Waziri wa Samaki pia, ambaye kwa uzoefu wangu ndiye atakayeanzisha taifa linalofuata.